Mteja Analipa, Anayetafutwa Hajaulizwa

Katika riwaya za upelelezi, karibu kila mpelelezi binafsi anayeletewa habari za kijana aliyetoweka huanza kwa kukataa. Atasema kwamba ameiacha kazi hiyo, au kwamba haingilii mambo ya familia za watu, au kwamba polisi wana watu na vyombo ambavyo yeye hana. Msomaji huyavumilia maneno hayo kwa sababu anajua kwamba kurasa chache mbele picha ya kijana itawekwa mezani, mama atafuta machozi, na mwanamume yule mchovu atavaa koti lake na kutoka. Kusita kwake huchukuliwa kuwa utaratibu wa kufungulia hadithi, mithili ya bei ya kwanza ambayo muuzaji huitaja huku akijua kwamba hakuna atakayeilipa. Kwa maoni yangu, hapo waandishi hutupa kilicho bora kuliko vyote walivyonavyo mkononi. Mpelelezi anayesita ana sababu, sababu zenyewe ni za kweli, na haziishi siku anayokubali kazi. Huzidi uzito kadiri anavyomkaribia yule anayemtafuta.

Uzito huo unatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyo. Wakili humtetea aliyemwajiri, na mambo yakiharibika anayeumia kwanza ni huyo huyo aliyemwajiri. Mpelelezi wa watu waliotoweka hulipwa na mmoja ili amfuatilie mwingine, na huyo mwingine hakutia saini mkataba wowote, hakuulizwa lolote, na pengine asingependa kazi ifanikiwe. Mteja ndiye anayesimulia, ndiye anayechagua picha, na ndiye anayeamua lipi lisemwe na lipi linyamaziwe. Anayeipokea kazi hiyo papo hapo amekubali, hata kama hakukusudia, kwamba simulizi ya mwenye fedha ndiyo kweli yenyewe.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na visa vya Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyeanza kusomwa katika kitabu mwaka 1960, amezoea mpelelezi wa namna nyingine: mtu anayevutwa na fumbo na kulifurahia. Namna hiyo inafaa sana pale ambapo aliyedhulumiwa amekwisha kufa, kwa kuwa marehemu hana tena la kupoteza na ukweli hauwezi kumdhuru. Aliyetoweka akiwa hai yu katika hali tofauti kabisa. Kwake yeye, fumbo ndiyo nyumba aliyojificha ndani yake, na anayelifumbua humtoa nje.

Hebu tuangalie ni vijana gani hasa wanaotafutwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Marekani ulikadiria kwamba mwaka 1999 watoto na vijana wapatao 1,682,900 walitoroka nyumbani au walifukuzwa, ilhali utekaji wa aina ile inayojaza magazeti, ambamo mtu asiyejulikana au anayejulikana kidogo humchukua mtoto akamshikilia usiku kucha, akampeleka mbali, akadai fidia au akamuua, ulikadiriwa kuwa visa 115. Ni kweli kwamba kundi la kwanza ni pana mno, na ndani yake wamo waliolala kwa rafiki usiku mmoja baada ya ugomvi wakarudi asubuhi. Ni kweli pia kwamba karibu wote walioripotiwa kutoweka walirudi au walijulikana walipo. Hata hivyo, uwiano wa namba hizo mbili unatosha kumfanya mpelelezi aketi chini kidogo kabla ya kuchukua funguo za gari. Kijana ambaye jina lake linatajwa mbele yake kwa uwezekano mkubwa hakunyakuliwa na yeyote. Aliondoka kwa miguu yake, na mtu huondoka mahali kwa sababu.

Jambo lililonivutia zaidi katika utafiti huo halimo kwenye jumla zake. Watafiti walishindwa kuwatenganisha vyema waliotoroka na waliofukuzwa, wakaishia kuwaweka katika fungu moja, na moja ya sababu walizotoa ni kwamba jibu lilitegemea nani aliyeulizwa. Vijana walielekea kusisitiza kwamba walifukuzwa au walizuiwa kurudi, nao walezi walielekea kusisitiza kwamba kijana alitoroka. Tukio ni moja, usiku ni ule ule, mlango ni ule ule, ila anayesimulia amebadilika. Sasa tumkumbuke mpelelezi wetu, ambaye katika kikao cha kwanza husikia upande mmoja tu, tena upande ambao, kwa mujibu wa utafiti huo, una mwelekeo unaojulikana. Siyo lazima mteja awe mwongo. Wazazi wengi husema wanachokiamini. Picha wanayoileta aghalabu ni ya zamani kidogo, ya wakati ambapo mtoto alikuwa bado anakubali kupigwa picha pamoja nao, na tabia wanazozieleza ni za mtoto huyo wa kwenye picha. Marafiki wanaowataja ni wale waliokuwa wakija nyumbani, na wale ambao hawakuruhusiwa kuja, ambao ndio wenye kujua alikolala jana, hawamo kwenye orodha. Mpelelezi anayesita hupata nafasi ya kuliona pengo hilo, kwa sababu anapotafuta kisingizio cha kukataa huuliza maswali ambayo aliyekubali haraka hayaulizi: kwa nini mmekuja leo na si wiki iliyopita, ni nani mwingine katika nyumba hii anayetaka arudi, na yuko nani ambaye asingependa arudi?

Hapa pana pingamizi zito, na halipaswi kupitwa juu juu. Kusita kunaweza kuua. Uchunguzi uliofanywa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington kuhusu watoto waliotekwa na kuuawa, uliochapishwa mwaka 1997 na kurudiwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba takriban robo tatu yao waliuawa ndani ya saa 3 tangu kuchukuliwa. Mbele ya jambo kama hilo, mtu anayetaka kutafakari maadili ya kazi yake anaonekana mpumbavu, au mkatili. Tena ipo imani iliyoenea, na inayosababisha madhara, kwamba lazima saa 24 zipite kabla ya kuripoti aliyetoweka. Marekani ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1990 polisi kuweka muda wowote wa kungoja pale anayetafutwa ni mtoto, na hata mahali ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, hakuna faida yoyote ya kungoja. Lakini tazama pingamizi hili linamlenga nani. Saa za kwanza ni za polisi, kwa sababu polisi ndio wanaoweza kupata kwa amri ya mahakama rekodi za simu, kufunga barabara, kutangaza namba ya gari na kuingia mahali palipofungwa. Mpelelezi binafsi hana hata moja kati ya nguvu hizo. Anayefuatwa saa mbili baada ya mtoto kuchukuliwa, akakunja mikono na kusema, “Nendeni polisi sasa hivi, nitawasindikiza,” amefanya kazi nzuri kuliko atakayoifanya mwenzake aliyepokea malipo ya awali na kuanza kuzunguka mitaani.

Kwa kawaida basi, yeye huingia baadaye. Huingia pale ambapo polisi wameliweka jalada katika fungu la waliotoroka, wakiwa na majalada mengine mezani, nao wazazi wanahisi kwamba neno hilo “ametoroka” limetumika kama kifuniko. Mara nyingi hisia yao ni sahihi, kwa sababu kijana aliyeondoka kwa hiari yake anaweza kabisa kuwa hatarini kuliko alivyokuwa siku aliyoondoka. Kwa hiyo simtetei mpelelezi anayekataa kwa uvivu, wala yule ambaye uchungu wa wengine umemchosha kiasi cha kutosikia tena. Kusita ninakokuzungumzia hakumzuii mtu kwenda kutafuta, ila humfanya aendelee kuuliza anamtafutia nani.

Swali hilo si la kifalsafa. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake mjini Los Angeles na mwanamume aliyekuwa akimfuatilia kwa muda mrefu. Mwanamume huyo hakuwa na ujuzi wowote wa kutafuta watu. Alimlipa mpelelezi binafsi, naye mpelelezi akaipata anwani kupitia kumbukumbu za idara ya magari ya California, ambazo wakati huo zilikuwa wazi kwa mwombaji. Kisa hicho ni miongoni mwa yaliyolisukuma Bunge la Marekani kutunga, mwaka 1994, sheria ya kulinda taarifa binafsi za madereva. Kuna kinaya ndani yake, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inawapa wapelelezi binafsi wenye leseni nafasi ya kuendelea kuzitumia kumbukumbu hizo kwa madhumuni yaliyoruhusiwa. Sheria iliufunga mlango kwa umma ikamwachia ufunguo mtu wa kazi ile ile, kwa matumaini kwamba safari hii atauliza kwanza.

Miaka kumi baada ya kisa cha Schaeffer, mtu wa kazi hiyo hakuuliza. Mwaka 1999 katika jimbo la New Hampshire, mwanamume mmoja alinunua taarifa za msichana aliyekuwa amemng’ang’ania kimawazo tangu shuleni, akizinunua kwa kampuni ya wapelelezi iliyofanya biashara yake kupitia intaneti. Mahali msichana alipofanya kazi palipatikana kwa simu moja ya udanganyifu, ambayo mpigaji wake alijifanya mtu mwingine ili aliyepigiwa ataje mahali hapo bila kushuku. Msichana aliuawa alipokuwa akitoka kazini. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 2003 kwamba hatari ya taarifa kutumiwa na mtu mwenye nia ya kumwandama mwingine ni hatari inayoweza kutabirika, na kwamba kwa sababu hiyo mpelelezi ana wajibu wa uangalifu kwa yule ambaye taarifa zake anaziuza, ingawa mtu huyo si mteja wake. Ninaupa uamuzi huu uzito kuliko riwaya nyingi nilizosoma, kwa sababu mahakama ilimwingiza kwenye chumba cha mkataba mtu wa tatu ambaye hakuwamo. Tangu hapo, angalau katika jimbo hilo moja, kusita si tabia ya mtu mwenye huzuni tena. Ni sehemu ya kazi, na asiyesita anaweza kushtakiwa.

Atasema msomaji kwamba hao walikuwa waandamaji, na mzazi si mwandamaji. Wengi sio, naam. Lakini mpelelezi hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtu usoni, na kati ya watu wanaodai kuwa jamaa wa kijana aliyetoweka wamo baba wa kambo, wajomba, wachumba waliokataliwa na watu wanaomdai fedha. Tena hata mzazi halisi anaweza kuwa ndiye sababu ya safari. Ndiyo maana nchini Uingereza polisi wanapompata mtu mzima aliyeripotiwa kutoweka huwaarifu jamaa zake kwamba yu salama, bila kutaja alipo kama mwenyewe hataki. Mpelelezi binafsi halazimiki na utaratibu huo wa polisi. Uingereza ilitunga mwaka 2001 sheria iliyoweka msingi wa kuwapa leseni wapelelezi binafsi, na zaidi ya miaka ishirini baadaye sehemu hiyo ilikuwa bado haijaanza kutumika, ikimaanisha kwamba mtu yeyote aliweza kujitangaza kuwa mpelelezi asubuhi na kupokea mteja jioni. California, kwa upande mwingine, hudai kwa kawaida saa 6,000 za kazi ya upelelezi yenye malipo kabla ya mtu kuruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Saa hizo humfundisha namna ya kumpata mtu, lakini hazimhakikishii kwamba atajifunza wakati wa kunyamaza baada ya kumpata.

Kinyume cha mpelelezi anayesita pia tunakijua, na chenyewe kinahusu kijana aliyetoweka. Mwezi Machi 2002 msichana wa miaka 13 alitoweka huko Surrey, Uingereza, akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka shuleni. Ilikuja kufahamika Julai 2011 kwamba, katika siku ambazo familia na polisi walikuwa wakimtafuta, watu waliofanya kazi kwa gazeti la News of the World, akiwamo mpelelezi binafsi aliyelipwa na gazeti hilo, waliingia katika ujumbe wa sauti wa simu yake. Gazeti lililokuwa limechapishwa kwa miaka 168 lilifungwa ndani ya siku chache, na uchunguzi wa umma kuhusu mwenendo wa vyombo vya habari ukaundwa. Tunalikumbuka tukio hilo kama kashfa ya waandishi wa habari. Mimi naliona pia kama picha ya upelelezi ulioondolewa kusita kote: upo ustadi, upo mteja, yapo malipo, na msichana mwenyewe amegeuka chanzo cha taarifa tu.

Suala la malipo linastahili kutazamwa kwa muda, kwa kuwa riwaya hulipita kwa aibu. Mpelelezi hulipwa kwa saa au kwa siku, pamoja na gharama. Kwa mpango huo kila siku ambayo kijana hajapatikana ni siku ya mapato, na mzazi aliyekata tamaa hataacha kulipa hadi atakapoishiwa. Siwashutumu wote wanaofanya kazi hiyo, wapo waaminifu. Nasema tu kwamba mkataba wenyewe haumsaidii mtu kuwa mwaminifu. Anayesita huvunja mantiki hiyo. Husema mapema kwamba uwezekano ni mdogo, humwelekeza mteja kwenye mashirika yanayotafuta watu bila malipo, huweka kikomo cha siku na kukiheshimu. Kibiashara ni mtu wa hasara, na pengine ndiyo sababu ofisi yake katika hadithi huwa chumba kimoja chenye kodi isiyolipwa. Waandishi wametuonyesha umaskini wake mara nyingi bila kutueleza umetoka wapi.

Upande wa mzazi nao usipuuzwe. Mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Marekani, Ross Macdonald, ambaye mpelelezi wake hukutana mara kwa mara na familia zenye watoto waliopotea, alijikuta mwaka 1959 katika kiti cha mteja: binti yake, mwanafunzi wa chuo huko Davis, California, alitoweka, naye akaajiri wapelelezi binafsi wamtafute. Alipatikana akiwa hai katika mji wa Reno, Nevada. Huyo ni mtu aliyejua kuliko wengi kwamba katika familia siri ya mtoto mara nyingi huanzia kwa wazazi, na bado, ulipofika usiku wake, alitaka mtu wa kwenda kutafuta. Singethubutu kumwambia asubiri. Ningetamani tu kwamba yule aliyeajiriwa awe ameuliza yale ambayo baba mwenyewe, kwa ujuzi wake wa kalamu, angemfanya mpelelezi wake aulize.

Umri nao huigawa kazi hii mara mbili, na hapo ndipo masharti ya mkataba yanapopata maana. Kijana wa miaka 19 ni mtu mzima katika nchi nyingi, mwenye haki ya kuondoka bila kuaga. Wa miaka 17 hana haki hiyo, hata kama ana akili kuliko mwenzake. Mstari huu si imara kama unavyoonekana. Marekani yenyewe mwaka 2003 iliongeza hadi chini ya miaka 21 umri ambao polisi wanalazimika kumwingiza aliyetoweka katika kumbukumbu za kitaifa bila kuchelewa, ikikiri kwamba siku ya kutimiza miaka 18 haimtoi mtu hatarini. Kwa aliye mtu mzima, kifungu ninachokipendekeza ni rahisi kukiandika na ni kigumu kukiuza: mpelelezi atamtafuta, atazungumza naye, atamfikishia ujumbe wa mteja, atamweleza mteja kwamba yu hai, na anwani haitatolewa ila kwa idhini yake mwenyewe. Mteja atakayekikataa kifungu hicho, huku akisema anachotaka ni kujua tu kama mtoto wake mzima yu salama, amekwisha kumpa mpelelezi taarifa ya kwanza ya maana katika kesi hiyo.

Kwa aliye chini ya umri, kifungu hicho hakifai. Mpelelezi hawezi kumwacha mtoto wa miaka 15 katika chumba cha mtu asiyemjua kwa hoja kwamba mtoto hakutoa idhini, na wala hawezi kumrudisha kimya kimya kwenye nyumba ambayo mtoto amemweleza kilichotendeka ndani yake. Kilichobaki ni njia isiyompendeza yeyote: kuwaita wanaohusika kisheria na ulinzi wa watoto kabla ya kumpigia mteja, kuwakabidhi yote aliyoyaona na kuyasikia, kisha kumpelekea mteja barua inayosema mtoto yuko mikononi mwa mamlaka. Mteja anaweza kukataa kumalizia malipo, na kwa maneno ya mkataba wa kawaida anaweza hata kuwa na haki ya kukataa, kwa kuwa alichoahidiwa ni mahali na alichopewa ni jina la ofisi. Riwaya chache hufika hapo, kwa sababu nyingi humaliza kukataa kwa shujaa wao katika sura ya pili na hazibakizi chochote cha kukataa mlangoni mwa kijana, ambako mwajiri anangoja simu na mtu aliyepatikana anauliza ni nani aliyemtuma.